Mazoezi na Maumivu ya Hedhi: Siku Zinazohesabika ni Zile Zisizouma

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikarekebisha sheria ya elimu ili serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Tanzania iliiondoa kodi hiyo mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Hedhi ikizungumzwa hadharani kwetu, iwe bungeni, redioni au kwenye maadhimisho ya tarehe 28 Mei, kinachozungumzwa zaidi ni pedi: nani alipie, nani agawe, mbona ghali. Hoja hizo ni za haki kabisa. Ila kazi ya pedi ni kupokea damu. Binti aliyejikunja kitandani bwenini, mwenye pedi mpya, maji na sabuni, na bado hawezi kusimama, huyo sera zetu hazijamfikia.

Na wako wengi. Mwaka 2019 Mike Armour wa Chuo Kikuu cha Western Sydney, Australia, na wenzake walikusanya tafiti 38 zilizohusu wasichana na wanawake vijana 21,573. Wapatao 71 katika kila 100 walikuwa wakiumwa tumbo la hedhi. Ishirini katika kila 100 walikosa shule au chuo kwa sababu hiyo, na 41 walisema masomo hayakuwaingia hata walipokuwa wamekaa darasani. Nchi tajiri na nchi maskini hazikupishana sana. Hiyo 41 ndiyo namba nzito zaidi kwangu, kwa kuwa daftari la mahudhurio haliioni: jina limewekewa alama ya vyema, mwenye jina kichwa kiko kwenye dawati. Wala kifaa cha kupokea damu peke yake hakitoshi: watafiti Emily Oster na Rebecca Thornton walipogawa vikombe vya hedhi kwa wasichana wa shule nchini Nepal, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vikombe vilipendwa na vikapunguza kazi ya kufua vitambaa, lakini mahudhurio hayakubadilika.

Kati ya yote yanayopendekezwa kwa maumivu haya, mazoezi ya mwili hayana gharama kubwa, na ndiyo yanayoelezwa vibaya kuliko yote. Wengine humkataza binti asikimbie wala kuruka akiwa mwezini, eti kizazi kitalegea. Wengine humwamuru akimbie siku hiyo hiyo anayougulia, eti tumbo litapoa lenyewe. Pande zote mbili zinakosea jambo moja, nalo ni kalenda.

Tuanze na maumivu yenyewe. Hedhi inapokaribia, homoni ya projesteroni hushuka, na utando uliojengeka ndani ya mji wa mimba huanza kubomoka. Ukibomoka huachia kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazofanya msuli wa mji wa mimba ubane ili utando utoke. Zikiwa nyingi mno, msuli hubana kwa nguvu hata mishipa inayouletea damu ikafinywa. Msuli uliokosa damu huuma. Prostaglandini hizo zikisambaa mwilini, binti hutapika, huharisha, huumwa kichwa na kiuno. Mwaka 1957 V. R. Pickles, mtafiti wa Sheffield, Uingereza, alionyesha kwamba ndani ya damu ya hedhi kuna kitu kinachoufanya msuli ujikaze. Baadaye ikajulikana kuwa ni hizi prostaglandini. Kabla ya hapo madaktari si haba waliamini kwamba msichana anayelia kila mwezi ana tatizo la mishipa ya fahamu au la malezi. Bado wapo wanaoamini hivyo, hata kama hawana shahada ya udaktari.

Maumivu ya namna hii mara nyingi hayaji na hedhi ya kwanza. Huanza miezi sita, mwaka au zaidi baada ya binti kuvunja ungo, kwa sababu mizunguko ya mwanzo mara nyingi haina yai lililokomaa, na isipokuwa na yai prostaglandini huwa chache. Ndiyo maana mama hushangaa kwamba mwanawe aliyekuwa mzima darasa la saba amefika kidato cha pili na kuanza kulala chini. Mtoto hadanganyi, mwili wake umekomaa.

Hofu ya kumchosha msichana mwezini haikuanza kwetu. Mwaka 1873 daktari wa Boston, Edward Clarke, alichapisha kitabu akidai kwamba msichana akisoma kwa bidii sawa na mvulana, bila kupumzishwa siku zake, viungo vyake vya uzazi vitadhoofu. Kitabu kilivuma. Chuo Kikuu cha Harvard, ambako Clarke alikuwa amefundisha, kikatangaza swali la kuwania tuzo ya Boylston: je, wanawake wanahitaji kupumzika wakati wa hedhi? Insha ziliwasilishwa bila majina. Iliyoshinda mwaka 1876 ilikuwa ya Mary Putnam Jacobi, daktari mwanamke wa New York. Hakubishana kwa maneno matupu. Alituma maswali kwa wanawake na kupata majibu 268, akapima mapigo ya moyo, joto la mwili na nguvu za mikono katika siku mbalimbali za mwezi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mwanamke mwenye afya na lishe nzuri hana haja ya kulazwa kwa kuwa yuko mwezini. Harvard ikampa tuzo. Chuo chake cha udaktari kiliendelea kuwafungia wanawake mlango hadi mwaka 1945.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na Clelia Mosher, daktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Yeye alitoka kwenye swali la Jacobi, kama mazoezi yanadhuru, akauliza kama yanatibu. Aliwafundisha wanafunzi wake walale chali, magoti yamekunjwa, mkono tumboni, kisha wavute pumzi mpaka tumbo liinuke na kulishusha taratibu. Aliwaambia pia wavue zile nguo za ndani za kubana kiuno zilizokuwa fasheni ya wakati ule. Hakuwa na jaribio la kulinganisha makundi mawili kama tunavyodai leo, lakini wazo lake ndilo lililokuja kupimwa karne iliyofuata.

Vipimo vyenyewe vinasemaje? Mapitio makubwa yalitolewa mwaka 2019 na mtandao wa Cochrane, unaochambua majaribio ya tiba duniani, na Armour yule yule aliyaongoza. Walipata majaribio 12 yenye wanawake 854, wengi wao chini ya miaka 25. Katika majaribio tisa yaliyolinganisha waliofanya mazoezi na wasiopewa chochote, wenye mazoezi walishuka kwa takriban alama 25 kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100. Mgonjwa huanza kuona nafuu ya maana kipimo kikishuka kwa alama kama 10, kwa hiyo 25 ni nyingi. Kipimo cha zoezi kilichoonekana kufaa kilikuwa dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, na ukali wa zoezi haukuonekana kuwa sharti. Waliokimbia na waliojinyoosha polepole, wote walipata kitu.

Watafiti wenyewe waliandika kwamba ushahidi huu ni wa kiwango cha chini, na inafaa kueleza kwa nini. Kidonge unaweza kukificha: huyu apewe dawa, yule apewe unga, asijue yeyote. Zoezi halifichiki. Msichana aliyeruka miezi miwili anajua ameruka, na anatarajia nafuu. Aliyeambiwa akae tu anajua amekaa. Maumivu tunayapima kwa kumuuliza yeye. Majaribio mengi pia yalikuwa na watu wachache. Kwa sababu hizo, ile 25 mimi huipunguza kichwani kabla ya kumtajia mzazi. Hata ukiikata nusu, inabaki juu ya mpaka wa nafuu inayohisika, na hakuna anayepoteza kitu kwa kujaribu.

Mengi ya majaribio haya yalifanyika Iran, kwenye shule na vyuo vya wasichana. Moja liliwachukua wanafunzi wa miaka 15 hadi 17 waliofundishwa kunyoosha tumbo, kiuno na mapaja, kwa dakika chache tu nyumbani, kwa wiki 8. Maumivu yao yalishuka kutoka juu ya 7 hadi chini ya 5 katika kipimo cha 10, na vidonge walivyomeza vikapungua. Jingine, la mwaka 2011, lilitumia mikao mitatu ya yoga inayoitwa kwa majina ya nyoka, paka na samaki. Misri walijaribu dansi ya Zumba kwa wiki 8, nako maumivu yakapungua. Ukiyatazama kwa pamoja unaona kwamba aina ya zoezi si hoja. Kinachofanana ni kurudia.

Jaribio la yoga lina jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Wasichana wale walifanya mikao yao katika siku za kabla ya hedhi, wakati hawaumwi. Wa wiki 8 walikuwa wanajenga mazoea ambayo faida yake ingeonekana mzunguko wa pili na wa tatu. Inadhaniwa kwamba mwili uliozoea mazoezi hutoa endofini nyingi zaidi, zile kemikali za mwili zinazopunguza maumivu, na kwamba msongo wa mawazo hupungua na damu hupita vizuri zaidi nyongani na kiunoni. Ipi kati ya njia hizo ina uzito zaidi bado haijathibitishwa. Linalojulikana ni kwamba faida hukusanywa wiki tatu za mwezi na hutumika siku mbili tatu. Mwalimu wa zamu anayemwambia binti anayetapika azunguke uwanja mara nne anadai kuvuna shamba ambalo hakulipanda. Siku hiyo, kama binti mwenyewe anataka, atembee polepole, ajinyooshe, apumue kwa tumbo kama Mosher alivyofundisha. Asipotaka, aachwe alale.

Watu hupenda kumtaja Uta Pippig hapa. Aprili 1996, katika mbio za mara ya 100 za Boston Marathon, Mjerumani huyo alikimbia akiwa na maumivu ya hedhi na tumbo la kuendesha, mbele ya kamera za dunia nzima, na mwishoni akampita Tegla Loroupe wa Kenya na kushinda. Ni habari ya kweli na ya ajabu. Lakini Pippig alikuwa mwanariadha wa kulipwa aliyejiandaa kwa miaka. Anathibitisha kwamba hedhi haimzuii mwanamke kukimbia, basi. Hathibitishi hata kidogo kwamba mtoto wa kidato cha tatu anayeomba ruhusa kipindi cha michezo ni mvivu.

Kuna swali gumu zaidi, ambalo waandishi wa afya wa magazetini mara nyingi hulikwepa. Kama mazoezi ni dawa, mbona msichana wa kijijini anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule, kisha akabeba ndoo ya lita 20 kichwani, naye anaumwa? Kwanza, mazoezi hupunguza maumivu, hayayafuti. Pili, waliopimwa wengi walikuwa wanafunzi wa mijini wanaokaa siku nzima. Anayeanza kutoka sifuri hupata zaidi kuliko anayetembea tayari. Tatu, kubeba maji ukiwa na njaa, alfajiri, kwa kuwa lazima ubebe, si kitu kimoja na kucheza rede na wenzako jioni. Misuli inaweza kufanya kazi ile ile, lakini uchovu haupungui na moyo haupumziki. Kwa hiyo binti wa namna hii sioni sababu ya kumwongezea kukimbia. Kinachomfaa ni kunyoosha mwili kabla ya kulala, chakula cha kutosha na kupunguziwa mzigo. Msichana wa ghorofani Kariakoo au Eastleigh, anayetoka darasani kuingia tuisheni na kutoka tuisheni kukaa na simu, ndiye maandishi ya Cochrane yanamhusu zaidi.

Na huyo naye tumwulize: muda na mahali atapata wapi? Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Takwimu zake za mwaka 2016 zinaonyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Wavulana ni asilimia 78. Mwaka huo huo UNICEF ilieleza kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda wa asilimia 40 zaidi ya wavulana kwa kazi za nyumbani. Mwenye macho hahitaji takwimu. Saa kumi jioni mtaani kaka yuko uwanjani na mpira wa makaratasi, dada yuko jikoni anachambua mchicha na mgongoni ana mdogo wake. Uwanja wa shule ni wa soka, na soka ni ya wavulana. Netiboli ikiwepo ina pete moja iliyopinda. Akiingia mwaka wa mtihani, kipindi cha michezo hugeuzwa cha hisabati na hakuna anayelalamika.

Halafu kuna nguo. Msichana anayeogopa kuchafuka haruki kamba. Asiyeruhusiwa kuvaa suruali chini ya sketi, au anayelazimishwa bukta fupi ilhali kwao wanavaa hijabu, atajitafutia udhuru na atakaa kando. Suruali nyepesi ya rangi nyeusi, choo chenye mlango na maji ya kunawa ndivyo vinavyoamua kama ushauri wa daktari utatekelezeka. Hapo pedi inarudi kwenye hoja kwa heshima yake yote: bila pedi, mazoezi hayaanzi.

Kosa jingine ni kuyafanya mazoezi kisingizio cha kumnyima binti dawa. Ibuprofeni na asidi ya mefenamiki huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na ushahidi wake ni imara kuliko wa mazoezi. Hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, maumivu yanapobisha hodi, tena baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayoamshwa na dawa hizi asizitumie bila kumwona daktari. Parasetamoli husaidia kwa kiasi kidogo zaidi. Vidonge vyenye aspirini visipewe aliye chini ya miaka 16, na vingi vya mchanganyiko vinavyouzwa rejareja dukani vinayo. Wazo kwamba binti atazoea dawa halina msingi kwa kitu kinachomezwa siku mbili au tatu kwa mwezi kwa kipimo sahihi. Bibi zetu waliokanda tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto hawakukosea pia: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2001 lilionyesha kwamba joto la karibu nyuzi 39 lililoshikizwa tumboni lilituliza sawa na ibuprofeni. Mazoezi, kidonge na maji moto havigombani.

Hata hivyo yapo maumivu yasiyotibiwa kwa lolote kati ya hayo, na kumwambia mwenye nayo aruke kamba ni kumpotezea miaka. Kama tumbo linazidi kuuma kila mwezi, linauma hata nje ya siku zake, linauma akienda haja, au miezi mitatu ya dawa iliyotumika sawasawa haikubadilisha kitu, inawezekana ni endometriosisi, hali ambayo utando kama wa mji wa mimba huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Huanza ujanani, na wengi huambiwa kwa miaka kwamba ni chango la kawaida na wakizaa litaisha. Msichana wa miaka 15 au 16 anayeumwa kila mwezi ilhali damu haijawahi kutoka anaweza kuwa na njia iliyoziba, na huyo ni wa kupelekwa hospitali bila kungoja. Waliokeketwa kwa kushonwa, jambo ambalo bado lipo licha ya sheria ya Kenya ya mwaka 2011, damu yao hupata shida kutoka. Maumivu yao yana chanzo kinachoonekana kwa macho na kinahitaji mtaalamu. Na anayefanya mazoezi mengi huku akila kidogo, hata hedhi ikakatika, asipongezwe kwamba hana maumivu tena. Mwili wake umeishiwa akiba.

Mwalimu mkuu unayepanga ratiba ya muhula ujao, usiwashauri wasichana wako wafanye mazoezi kabla hujawapa pa kuyafanyia. Tenga vipindi vitatu vya dakika 45 kwa wiki, vya wasichana, na visiguswe hata kwa kidato cha nne. Kamba na mpira wa rede ni gharama ndogo. Wape ruhusa ya suruali. Mpe matroni birika, chupa za maji moto na utaratibu wa dawa uliokubaliwa na wazazi. Anayesema anaumwa siku hiyo, mwamini na umwache apumzike. Na asiyepata nafuu baada ya mihula miwili, mwite mzazi wake mzungumzie hospitali, msizungumzie nidhamu.